Chaildi sapoti Marekani: deni la mama ni moja, deni la serikali ni lingine

Hii kauli ya "Marekani serikali inakula hela ya mtoto wako" nishaisikia mara nyingi mno, na juzi imetumika vibaya kabisa, watu wanamsema dada wa watu kwamba anapokea hela ya matunzo kila mwezi halafu anajifanya hajaiona. Hapana jamani, tuelewane.

Chaildi sapoti ni kile kiasi mzazi asiyeishi na mtoto anaamriwa alipe kila mwezi, na kwa kawaida kinakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Maana yenyewe ndo hiyo. Shida iko kwenye hela inaenda kwa nani.

Kama mama hajawahi kuchukua msaada wa pesa taslimu wa serikali, hela ni yake ya kulelea mtoto. Ila kama anapokea TANF, ule msaada wa pesa ulioletwa na sheria aliyosaini Clinton mwaka 1996, basi ili apewe lazima akabidhi jimbo haki yake ya kudai matunzo, amtaje baba na asaidie kumpata, labda awe na sababu nzito kama kuogopa kupigwa. Kuanzia hapo anachokatwa baba kinaenda kufidia kile familia ilichopewa, na hakiwezi kuzidi hicho. Chukua baba anakatwa dola 300. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha 300 zimetoka, ana haki kabisa ya kusema mimi nalipa, huku mama hajaona hata senti au kaona 100 tu, kwa sababu sheria ya shirikisho inaruhusu jimbo limpitishie mama hadi dola 100 kwa mtoto mmoja na 200 kwa wawili au zaidi bila jimbo kudaiwa na serikali kuu mgao wake wa hiyo hela, na kuna majimbo hayapitishi kitu, wakati Colorado tangu 2017 wanampa mama matunzo yote ya mwezi husika. Yani wote wawili wanasema ukweli na bado wanaitana waongo mbele ya watoto, hii inaniuma sana.

Akitoka TANF, matunzo ya kila mwezi yanarudi kwake. Malimbikizo, yani matunzo ambayo baba hakuyalipa, ya kile kipindi mama alichokuwa anasaidiwa ndo yanaweza kubaki ya jimbo, kwahiyo baba anaweza kuwa anadaiwa na wawili kwa wakati mmoja, mama na jimbo.

Halafu kuna hili la stempu za chakula, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula. Stempu na WIC, msaada wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, hazimfanyi baba arudishie serikali hela! Kuna majimbo yanataka ushirikiane na ofisi ya matunzo ndo upate stempu, sawa, lakini kushirikiana sio kulipa. Wapo kina mama wetu, hasa waliofika juzijuzi kutoka kambi za wakimbizi, wanaacha kuomba chakula cha watoto wakiogopa kumtia mwanaume kwenye deni, na deni lenyewe halipo.

Kwa kina baba, tangu 1986 sheria inakataza hakimu kufuta au kupunguza malimbikizo ya nyuma, akikupunguzia kiasi cha kila mwezi anaanzia pale ulipopeleka maombi ya kupunguziwa, sio pale kazi ilipoisha. Ukikatiwa masaa kazini peleka maombi wiki hiyohiyo, usingoje mambo yatulie, maana kila mwezi unaopita unaandikwa kiasi kilekile cha zamani. Na deni likipita dola 2,500 pasipoti ya Marekani unanyimwa, sasa fikiria msiba umetokea nyumbani na wewe huwezi kusafiri.

Kwahiyo kabla hujamwambia dada kala hela, muulize taratibu kama kipindi hicho alikuwa TANF. Na wewe kaka unayelipa, ukipiga simu ofisini usiulize nadaiwa ngapi tu, uliza la mama ni ngapi na la jimbo ni ngapi, maana la jimbo sehemu nyingi wana mpango wa kulipunguza kwa makubaliano, ila la mama wa kulisamehe ni mama mwenyewe.