Presha imeshuka kwa sababu unameza dawa, jamani

Hii nakutana nayo kila kliniki: "Dokta, presha ilishapona, nilipima duka la dawa ikaja 124 kwa 78 nikaacha vidonge." Haijapona mama yangu. Hiyo 124 ndo kazi ya dawa yenyewe, ukiacha inarudi kulekule kwenye 180 na we wala hujui, maana presha mara nyingi haiumi. Mtu anasubiri kichwa kigonge ndo ameze kidonge kimoja, kichwa kikiacha na yeye anaacha, yaani presha imegeuzwa malaria. Huku ndani ukuta wa moyo unanenepa taratibu, miaka inapita, moyo unachoka na kutanuka, halafu analetwa miguu imevimba, hawezi kulala bila kuwekewa mito mitatu, na bado anabisha kwamba alikuwa mzima.

Kinachowadanganya wengi ni ile dawa ya presha, amlodipini. Ile inatoka mwilini polepole, kwa hiyo ukiacha Jumatatu, Jumatano ukipima bado iko vizuri, unaanza kumtangazia jirani kuwa rozela na kitunguu saumu vimekuponya. Pima baada ya wiki tatu tuone. Mnaomeza atenolo na bisoprolo, zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, ndo kabisa msikate ghafla, mapigo yanaweza kwenda mbio na kifua kikabana, hasa kama mishipa ya moyo ilishaanza kuziba. Dawa ikikusumbua, labda miguu inavimba au kikohozi kikavu hakiishi, njoo tubadilishe, ziko aina nyingi, siyo unaacha kimyakimya halafu tunaonana ICU.

"Lakini dokta zinaharibu figo." Kinachomaliza figo ni hiyo presha uliyoiachia. Kuna dawa za presha kama losatani, ukizimeza lazima tukupime figo na madini ya potasiamu kwenye damu, ndo maana nakwambia urudi, siyo kwamba napenda kukuona kwenye foleni.

Na njoo na dawa zako ZOTE na paketi zake (manesi wameshachoka kunisikia), usiniambie "kile cheupe kidogo", vyeupe vidogo viko kibao. Kabla ya kupima kojoa, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, simu pembeni, na usipige stori mashine ikiwa inabana mkono.

Chumvi mbichi ndo mbaya, ya kupikwa haina shida? Sodiamu, ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha, haifi kwenye moto! Siku nzima isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu mkate, ng'onda na vile vikolezo vya pakiti mnavyomwaga kwenye mchuzi.

Eti moyo ni ugonjwa wa wazee na wanene tu, nayo siyo kweli. Kuna watoto wembamba kabisa valvu (vile vilango vya moyo) zimeharibika, ilianza na koo, bakteria hawakutibiwa, kinga ya mwili ikaishia kuumiza moyo. Hawa wanachomwa sindano za penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka, na shule zikifunguliwa wazazi ndo mnaziruka.

Maumivu ya shambulio la moyo nayo siyo lazima yawe kushoto. Yanakaa katikati ya kifua kama unagandamizwa, yanapanda shingoni, tayani au mkononi, jasho baridi, kichefuchefu, na mtu anasema vidonda vya tumbo anatafuna magnesiamu analala. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa, akaishia kuchoka tu na kuhema. Nenda hospitali yenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) usiku huohuo, na gari aendeshe mtu mwingine.