Maziwa hayaoshi moshi wa sigara

Ule ujumbe wa zamani bado unazunguka kwenye magrupu ya Tanga: eti moshi wa sigara huishia mapafuni, na glasi ya maziwa usiku huusafisha wote. Si kweli. Maziwa hupita njia ya chakula kwenda tumboni. Yakikosea njia kidogo tu, unapaliwa. Hilo halihitaji maabara.

Moshi nao hauishii mapafuni tu. Kemikali zake huingia kwenye damu, hufika kwenye ini na kuamsha jeni ya kimeng'enya kinachovunja kafeini ya kahawa na baadhi ya dawa. Ndiyo maana mvutaji pale kijiweni Ngamiani kahawa humtoka mwilini upesi kuliko mwenzake (muuza kahawa halalamiki). Kwenye damu ya wavutaji, hata alama za kikemikali zinazoongoza jeni hubadilika, na nyingine hudumu miaka baada ya kuacha.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kikohozi husikika, ini halisemi. Na maziwa kweli hulainisha koo. Mwenye shaka amuulize mfamasia.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Anayeacha sigara huku akitumia theofilini, dawa ya pumu inayovunjwa na kimeng'enya hicho hicho, amwambie daktari, maana dozi huenda ikabidi ipunguzwe.