Kibofu kimetolewa, picha za nini tena?

Mgonjwa aliyetolewa kibofu kwa sababu ya saratani huambiwa sana na jamaa zake: kibofu hakipo, picha za hospitali, kama ultrasaundi na CT, za nini tena? Si kupoteza hela tu?

Kilichoondoka ni kibofu. Figo zipo, na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo ipo, tena ndani ina utando wa aina ileile uliokuwa kwenye kibofu. Saratani inaweza kuota huko miaka kadhaa baadaye.

Kinachotisha zaidi, kwa maoni yangu, ni pale mirija iliposhonewa kwenye kipande cha utumbo mwembamba, ambacho sasa hutoa mkojo kupitia tundu la tumboni hadi kwenye mfuko wa nje. Kovu linaweza kuubana mrija hapo polepole, hasa mrija wa kushoto, ambao hupitishwa nyuma ya utumbo mpana ili ufike upande wa kulia. Figo inaweza kuharibika kimyakimya: maumivu hakuna, mfuko unaendelea kujaa mkojo, na kipimo cha damu kinaweza kuwa kizuri kwa kuwa figo ya pili inabeba mzigo.

Ila ripoti ya ultrasaundi ikisema figo "zimejaa maji" kidogo, usikimbilie kuogopa. Kipande kile cha utumbo kwa kawaida hakina vali (kizuizi cha kuufanya mkojo uende upande mmoja tu), hivyo mkojo hurudi juu. Kuhakikisha, daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye tundu la tumboni na kuingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Ikipanda hadi figo zote mbili, kuna uwezekano mkubwa njia iko wazi. Isipopanda upande mmoja, huenda pamebana, na hapo kipimo cha CT (picha za kina za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) hufuata.