Afya ya akili ya vijana balehe wakati wa janga: maana yake

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kijana balehe ni mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Akisemwa kuwa na afya njema ya akili, haimaanishi tu kwamba hana ugonjwa. Maana yake ni kwamba anaweza kuzifanya kazi za umri wake: kujitegemea kidogo kidogo, kujenga urafiki, kujifunza, kuhimili hisia kali na kuanza kujijua yeye ni nani. UVIKO-19 ilipotajwa rasmi kuwa janga la dunia, Machi 11, 2020, kazi hizo ndizo zilizokatizwa. Aprili mwaka huo shule zilikuwa zimefungwa karibu kila nchi. Mtu mzima aliyekaa ndani aliwakosa marafiki zake. Kijana wa miaka 14 aliwakosa, na akakosa pia mahali pa kujifunzia namna ya kuishi nao.

Dhiki si ugonjwa. Hofu ya kuambukizwa, uchovu wa kukaa ndani, huzuni ya kufiwa na mtu asiyeweza hata kuzikwa kwa desturi ya kawaida, yote hayo ni mwitikio wa kawaida. Huanza kuitwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, dalili zinapodumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi na kuvuruga maisha: kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na ulaji kubadilika, kushindwa kumakinika, kujiona hana thamani. Kwa vijana, huzuni mara nyingi hujitokeza kama hasira za karibu, ndiyo maana nyumbani huitwa utovu wa adabu na kupewa adhabu badala ya tiba.

Ugumu mkubwa wa janga ulikuwa kwenye kipimo chenyewe. Siku za kawaida, kuporomoka kwa kijana huonekana shuleni: utoro, alama kushuka, kujitenga wakati wa mapumziko. Shule zikifungwa, kijana anayelala hadi mchana na haonani na mtu anaonekana tu kuwa ametii amri ya kukaa nyumbani. Kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa, tena katika mambo ambayo janga halikuyazuia. Je, bado anaoga? Anajibu ujumbe wa rafiki yake wa karibu? Anacheka kwa yale yaliyokuwa yakimchekesha?

Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2021, uliojumlisha tafiti 29 zenye watoto na vijana zaidi ya 80,000, ulikuta takriban 1 kati ya 4 ana dalili za sonona za kiwango cha kutia shaka, na 1 kati ya 5 dalili za wasiwasi. Takwimu hizo hunukuliwa vibaya sana. Zinatokana na dodoso za kujibu mwenyewe, si uchunguzi wa daktari. Zinaonyesha wanaohitaji kuangaliwa, si wagonjwa waliothibitishwa.

Usingizi ndio mahali pazuri pa kuanzia. Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, lakini katika balehe mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Bila ratiba ya shule, saa ya kulala husogea hadi alfajiri. Kosa la kawaida ni kumnyang'anya simu saa tatu usiku na kumwamuru alale: mwili hauko tayari, na simu hiyo huenda ndiyo daraja pekee lililobaki kati yake na wenzake. Anza na saa ya kuamka. Irudishe nyuma dakika 15 hadi 30 kila baada ya siku mbili au tatu, apate mwanga wa jua mara anapoamka, na simu ichajiwe nje ya chumba cha kulala kwa makubaliano. Jumamosi na Jumapili zisivunje utaratibu.

Wapo waliopata nafuu shule zilipofungwa, hasa waliokuwa wakionewa au wenye hofu ya kukaa na watu. Nafuu hiyo ina mtego: kukwepa kinachotisha huongeza hofu. Kurudi kwao kuwe kwa hatua, kipindi kimoja, kisha nusu siku, kisha siku nzima, na asiondoke hofu ikiwa kileleni, la sivyo mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Uonevu nao ukomeshwe kwanza. Hakuna hatua zitakazofaa kama bado unamsubiri.

Kijana akisema maisha hayana maana, au akianza kugawa vitu anavyovithamini, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, dawa na sumu ziwekwe mahali asipoweza kuzifikia, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata akisema ameshatulia.