Seramiki ikipasuka ndiyo imefanya kazi

"Sisi hatutaki vigae, tupe chuma." Kila nikiitwa Shimanzi au Changamwe kukagua fulana za kuzuia risasi za walinzi, hili lazima nilisikie, tena kutoka kwa bosi aliyekwisha kuligonga kwa kidole bamba la seramiki linalotiwa ndani ya fulana na kukunja uso.

Hebu tuelewane. Risasi ya kutoboa chuma ina kiini kigumu, na hupenya kwa sababu inachokigonga ni laini kuliko kiini hicho. Seramiki za mabamba haya, yaani alumina, kabaidi ya silikoni na kabaidi ya boroni, ni ngumu zaidi. Hapo ncha ya risasi ndiyo inayokuwa butu, ikasagika, mara nyingi ikavunjika kabisa. Bamba nalo hupasuka kwa umbo la koni inayopanuka kuelekea nyuma, kwa hivyo pigo lililoingia mahali padogo hutua kwenye eneo kubwa la tabaka la nyuma la nyuzi imara za aramidi au polietilini, nalo hunyumbuka na kudaka vipande. Kupasuka kwenyewe humeza nguvu kidogo tu; kazi kubwa ni kuivunja risasi na kulisambaza pigo. Sasa mtu ananiletea bamba lililopigwa, limejaa nyufa, ananiambia "limeshindwa", na aliyelivaa amesimama pale pale anakunywa chai!

Chuma huzuia pia, sikatai. Lakini sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8, alumina 3.9, kabaidi ya boroni 2.5. Kwa joto hili la Mombasa, bamba zito huvuliwa kabla ya adhuhuri. Tena risasi ikisambaratika juu ya chuma kisichofunikwa, vipande huruka hadi kidevuni na mikononi.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Bamba la daraja la IV halipenywi na kitu." Kipimo cha Marekani cha NIJ 0101.06, kilichotumika kabla ya toleo jipya la 2023, kililitaka lizuie risasi moja ya bunduki ya .30-06 ya kutoboa chuma, yenye kasi ya mita 878 kwa sekunde. Moja. Ya pili ikipiga penye nyufa zile zile, usinitafute.

"Fulana laini, isiyo na bamba, yatosha kwa bunduki ya AK." Haitoshi. Ile ni ya kuzuia risasi za bastola. Na kuna mabamba yanayohitaji kuvaliwa juu yake ndipo yafikie daraja lake, kwa hivyo soma lebo.

"Bamba likianguka halidhuriki." Huweza kupata ufa ndani ya kitambaa kinacholifunika, usiuone kwa macho. Nikikuta fulana imegeuzwa kiti getini, bamba naliandikia eksirei kabla hata ya salamu.