Je, wajua kwa nini watu wa Mji Mkongwe hulikataa duka kubwa?

Mgeni anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja huona mambo mawili ambayo haelewi yanakaaje pamoja. Huona nyumba zilizochoka, plasta imebanduka, boriti zimetokeza nje, nyengine zimeegemezwa magogo zisianguke. Kisha husikia kwamba wakaazi wa hapo hapo wamepeleka barua kumpinga mtu aliyekuja na fedha za kutengeneza, ajenge hoteli au afungue supamaketi chini na ofisi juu. Huuliza: mtu ambaye nyumba yake inavuja anamkataaje mwenye saruji?

Swali ni la haki, na jibu lake halianzi na siasa wala ukaidi wa wazee. Linaanza na boriti.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, nene nusu mita na zaidi. Dari zimelala juu ya boriti za mikoko, nyingi zikitoka misitu ya pwani kama ya Rufiji. Mti wa mkoko haukui ukanyooka kwa urefu wowote unaoutaka. Boriti nzuri huvuka nafasi ya mita mbili na nusu, tatu ukibahatika. Kwa hiyo chumba cha Mji Mkongwe, kiwe cha tajiri au cha maskini, ni kirefu na chembamba, na kila ukuta wa ndani una kazi: juu yake zimekaa dari mbili au tatu za ghorofa zinazofuata.

Sasa mlete mwenye supamaketi. Yeye anataka ukumbi mpana, rafu safu kwa safu, mteja aone kutoka mlangoni mpaka kwenye friji za nyuma. Ukumbi wa namna hiyo haumo katika nyumba hizi, na haukupata kuwamo. Ili upatikane lazima kuta za ndani zivunjwe, zisimamishwe nguzo za zege na mihimili ya nondo. Zege ni gumu, halijongei. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni laini, hutanuka na kunywea kidogo kidogo kwa jua na mvua, na ndivyo ulivyodumu zaidi ya miaka mia. Vitu hivyo viwili vikifungwa pamoja, kilicho laini ndicho kinachopasuka.

Na hakipasuki kwa aliyefanya kazi peke yake. Nyumba za Kiponda, Mkunazini au Sokomuhogo zimeshikana bega kwa bega, mara nyingi kwa ukuta mmoja wa ubia. Fundi akigonga nyundo upande huu, plasta inadondoka kwa jirani. Ndiyo maana malalamiko ya mwanzo katika migogoro mingi huwa si juu ya historia wala utalii. Huwa ni ya mtu aliyeamka akakuta ufa mpya juu ya kitanda cha watoto.

Kuna na habari ya saruji, ambayo mafundi wa zamani wameisema mpaka wamechoka. Ukuta wa matumbawe una chumvi na huvuta unyevu kutoka chini. Chokaa inaruhusu unyevu ule utoke nje, ukuta ukapumua. Ukiupaka saruji umeuziba. Maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma, mawe huanza kuwa unga, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza au huliwa na mchwa mahali ambapo hapana jicho linaloziona. Kwa mwaka mmoja au miwili nyumba hupendeza mno. Kisha mvua za masika huja.

Ongeza choo kwa kila chumba, kwa sababu hoteli haiwezi kuwa na choo kimoja cha nyumba nzima. Nyumba iliyojengwa na choo kimoja au viwili sasa ina mabomba yanayopita katikati ya kuta za chokaa, na juu ya paa yamepandishwa matangi ya maji. Tangi la lita elfu moja lililojaa lina uzito wa tani moja. Boriti za mkoko hazikuwekwa kwa hesabu hiyo.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa likitengenezwa kwa msaada wa Oman pale sehemu yake kubwa ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili. Ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote, chini ya macho ya kila mtu, liliweza kuanguka wakati wa matengenezo, mkaazi wa kichochoroni hana budi kuuliza masuali mazito kabla ya nyumba ya jirani yake kuguswa.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili imo katika duka lenyewe.

Duka la mtaa katika Mji Mkongwe ni chumba kimoja cha chini, mlango umefunguka barabarani, na mara nyingi mwenyewe ni Mpemba ambaye anawajua wateja wake mpaka wajukuu. Pale unanunua robo kilo ya sukari, mafuta ya kupima, kitunguu kimoja, nazi moja. Mtoto hutumwa peke yake na hela mkononi. Mshahara ukichelewa, jina linaandikwa kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi. Bi kizee ambaye hawezi kushuka ngazi huteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani na kikapanda na mkate ndani yake. Supamaketi haina kipimo cha robo, haina daftari, wala haimjui aliye ghorofa ya tatu. Bei zake pengine ni nafuu kwa anayenunua mfuko mzima wa mchele. Wengi wa wanaoishi katika nyumba hizi hawanunui mfuko mzima.

Khasa hapa wapangaji wakumbukwe. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, na familia kutoka mashamba na Pemba zikaingizwa humo, mara nyengine familia tatu nne katika nyumba moja, kwa kodi ndogo. Nyumba nyengine ni za wakfu, ziko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Mwenyewe wa asili aliiweka nyumba yake kwa ajili ya msikiti, jamaa zake au masikini, na mali ya wakfu haiuzwi. Lakini hukodishwa, na hapo ndipo mabishano yanapoanza: ukodishe kwa mjane aliyekaa humo miaka thelathini, au kwa kampuni inayoweza kulipa mara nyingi zaidi? Zilizobaki ni za watu binafsi, nazo mara nyingi ni mirathi isiyogawiwa, warithi wengine wako Muscat, wengine London, na kila mmoja ana fikra yake.

Duka moja kubwa likiingia mtaani na kulipa kodi ya juu, wenye nyumba wa pembeni huamka. Fundi cherehani anaambiwa kodi imepanda. Muuza kahawa anafuata. Hili si jambo la kubashiri, kwa sababu limeshatokea: tembea Gizenga mpaka Hurumzi, au Barabara ya Kenyatta pale Shangani, uhesabu maduka yanayouza kitu ambacho mkaazi anakihitaji kwa chakula cha usiku. Utakuta picha za tingatinga, viungo vilivyofungwa kwenye vikapu vya wageni, na nguo za ufukweni. Sizilaumu biashara hizo, zinalisha watu wengi. Nasema tu kwamba anayeishi Malindi, mtaa mwengine wa Mji Mkongwe, ameyaona yaliyoipata Shangani, na ana haki ya kuogopa.

Jambo jengine ambalo mwekezaji hulipuuza ni sitara. Nyumba ya Mji Mkongwe ina ua ndani, na mpangilio wa madirisha na milango hulinda asionekane aliyemo. Wanawake hufua, hupika na kupumzika uani bila kujifunika. Jengo la jirani likiongezwa ghorofa moja, au paa lake likifanywa mkahawa wa kutazamia machweo, ua ule haupo tena. Upo kwa matofali, ila haukaliki. Ukiongeza muziki na ulevi hatua chache kutoka msikitini, wasiwasi hautakuwa wa watu wawili watatu.

Na baraza za mawe mbele ya nyumba, nazo huenda. Duka la kisasa linataka kioo kutoka juu mpaka chini na mlango usio na kizuizi, kwa hiyo baraza huvunjwa kwanza. Watu hukaa hapo jioni, husikiliza habari, hucheza bao, na wakati wa masika, maji yanapojaa njiani, hupita juu yake wasilowe. Ni sehemu ya mji inayotumika mchana na usiku bila ya kulipiwa.

Kisheria, watu hawa hawako mikono mitupu. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango mkuu wa uhifadhi ukakamilika 1994, UNESCO ikauingiza mji katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sheria inayotumika ni ya 2010. Huwezi kuvunja, kuongeza ghorofa wala kugeuza nyumba kuwa hoteli bila ya kibali. Tatizo ni kwamba macho ya sheria ya uhifadhi huona zaidi mlango wa nakshi, roshani na urefu wa jengo. Kama chumba cha chini kinauza nazi au mkufu wa watalii, kama mpangaji ni yule yule au amehamishiwa nje ya mji, hayo ni vigumu kuyakamata kwa kibali cha ujenzi.

Hata kwenye urefu na ukubwa, sheria imewahi kuyumba. Jengo la Mambo Msiige, Shangani, lilipogeuzwa hoteli ya Park Hyatt, iliyofunguliwa 2015, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya jengo jipya lililoongezwa ubavuni na athari yake kwa sura ya ufukwe. Hoteli ikasimama, na iko mpaka leo. Wakaazi walijifunza kwamba malalamiko yanayokuja baada ya msingi kumwagwa hayabomoi kitu, kwa hiyo sasa hupiga kelele mapema, pengine kabla hata ramani haijatoka. Anayewaona wakorofi ajue sababu.

Wasiwasi kwamba mji unaweza kufutwa katika orodha ya UNESCO nao una msingi. Dresden ya Ujerumani ilifutwa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja jipya, na Liverpool ya Uingereza mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya bandarini. Miji hiyo ni tajiri na ina njia nyengine za kuishi. Sisi utalii wetu umeegemea sana jina hili.

Kuna miji iliyopata njia ya kulinda duka dogo lenyewe, si ukuta wake tu. San Francisco, Marekani, ilianza mwaka 2004 kuweka kanuni kwa maduka yenye matawi 11 au zaidi, yanayotumia jina, rangi na bidhaa zile zile kila mahali. Mwaka 2006 wapiga kura wakaamua kwamba duka la aina hiyo lisifunguliwe katika mitaa ya biashara ndogo mpaka lipate kibali maalumu, na majirani wasikilizwe hadharani. Mitaa ya Hayes Valley na North Beach imeyakataza kabisa. Watu wa kule hawana boriti za mikoko, lakini hoja yao ya mtaa ungeielewa ukiwa umekaa Jaws Corner, kijiwe cha hapa Mji Mkongwe, na kikombe cha kahawa.

Si wakaazi wote wa Mji Mkongwe wanaopinga, na wanaotaka kuuza hawafai kutukanwa. Mwenye nyumba inayovuja, asiye na fedha za boriti mpya wala fundi wa chokaa, ambaye watoto wake hawana kazi, anapoletewa bei nzuri anafanya hesabu ambayo hata mimi ningeifanya. Na wapo wawekezaji waliotengeneza kwa chokaa, kwa subira, wakaacha kuta mahali pake. Kwa maoni yangu, kumzuia masikini asiuze bila ya kumsaidia kutengeneza ni dhulma, na hapo wahifadhi wengi wamekuwa wazito wa kutoa na wepesi wa kukataza.

Kwa hiyo ukisikia mtaa fulani unapinga, sikiliza wanachokiomba, kwa kuwa mara nyingi si kwamba pasijengwe kitu. Wanaomba tangazo la kibali libandikwe mtaani na kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, kabla ya kutiwa saini, siyo baada. Wanaomba mhandisi akague kuta za majirani na kuziandika zilivyo kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, ili ufa ukitokea ijulikane ni wa nani. Wanaomba kodi za nyumba za Serikali na za wakfu zitengeneze nyumba zile zile zilikotoka. Na wanaomba matumizi ya vyumba vya chini yaandikwe kwenye kibali, lipi ni duka la mahitaji na lipi ni la wageni, na la kwanza lisigeuzwe la pili kimya kimya.

Hayo yote yanawezekana kwa sheria na mamlaka zilizopo, na supamaketi kubwa zina nafasi ya kutosha ng'ambo ya Darajani, nje ya Mji Mkongwe, ambako barabara zinapitisha malori na majengo ya zege yamejengwa kuanzia msingi kwa kazi hiyo.