Siku mbili Bukavu: ingieni kwa majini

Mdogo wangu alinipigia simu Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya ziwa Kivu, kutoka Lubumbashi, Julai 2019. "Yaya, tuna siku mbili tu huko kwenu, mimi na bwana yangu. Tuone nini?" Nadhani alitegemea nimtajie mikahawa. Mimi ni msanifu majengo, nimezaliwa Nyawera, mtaa wa hapa hapa, nikamjibu kama mtu anayetoa amri: msishukie Kavumu, uwanja wetu wa ndege. Shukeni Goma, kaskazini mwa ziwa, pandeni kano rapide, boti ya mwendo kasi, muuone mji kutoka ziwani kwanza.

Bukavu ilijengwa ikiwa imeelekeza uso majini. Anayetoka uwanja wa ndege anaingilia mlango wa uani, anakutana na vumbi na foleni, na siku ya pili bado hajaelewa nyumba zinatazama wapi. Anayetoka Goma anapita kando ya Idjwi karibu safari nzima, kisiwa upande wa kushoto, milima ya Kalehe kulia, halafu baada ya kama saa tatu mji unamfungukia wote kwa pamoja. (Nasimulia ya mwaka ule. Boti na njia zimebadilika tangu hapo, ulizeni walio kando ya ziwa kabla ya kukata tiketi.)

Shemeji alishuka bichi, yaani bandarini, uso umemsawijika, mkono umeshika tumbo. Mtu aliyelelewa na tomson ya friza, samaki wa kugandishwa, hajui mawimbi. Nilimpa tangawizi, nikaanza somo palepale.

Tunapenda kusema Bukavu ni mkono uliotumbukizwa ziwani, rasi tano kama vidole vitano. Vidole hivyo ni migongo ya vilima. Zamani maji ya bonde hili yalitiririka kaskazini, upande wa ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa, yakameza mabonde na kuacha migongo tu, mpaka yakapata pa kutokea upande wetu wa kusini, kwenye mto Ruzizi. Ndiyo maana hapa huoni ufuko mpana wa mchanga kama wa baharini. Unateremka mlima ukiwa mkavu, unaendelea kuuteremka ukiwa umelowa. Asiyejua kuogelea asidanganywe na maji kutulia: kilindi cha Kivu kinafika karibu mita 480. Gesi ya methani ambayo kila mgeni anauliza imelala huko chini kabisa, muogeleaji wa juu hakutani nayo.

Mchana tulipanda hadi avenyu Lumumba, kwa miguu. Hapo ndipo nilipowachosha. Mji huu ulipoitwa Costermansville, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji waliupenda kwa baridi yake, maana tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, wakajenga kwa mtindo wa majengo uliokuwa fasheni wakati ule, ar-deko (art déco). Nyumba nyingi za avenyu hiyo ni za miaka ya 1930 hadi 1950. Angalieni kona, niliwaambia. Fundi wa kawaida anakata kona kwa pembe, hawa waliiviringa. Halafu mistari ya simenti inayozunguka ukuta mzima, imelala kama imevutwa na upepo. Roshani yenye vyuma vya mlalo. Na dirisha dogo la duara, mara nyingi penye ngazi.

Mdogo wangu alisimama katikati ya njia, motari, dereva wa pikipiki, akampigia honi. "Yaya, hii si nyumba. Hii ni meli!"

Alipata bila kufundishwa. Wasanifu wa enzi ile walivutiwa na meli kubwa za abiria, wakaiga madirisha yake, sitaha zake na vyuma vyake vya kushikilia. Katika miji mingine ni pambo tu. Kwetu nyumba-meli imepanda kilima na inalitazama ziwa, mzaha umekamilika. Kile kibapa cha zege kinachotokeza juu ya dirisha nacho hakikuwekwa kwa urembo. Kinakinga jua la saa nane, na mvua yetu inayopiga kwa ubavu. Siku hizi watu wanabomoa nyumba hizi na kusimamisha ghorofa za vioo vya bluu, ndani joto kama tanuru, kisha wananunua feni. Nimegombana na wateja kwa ajili hiyo, na nimepoteza wengine.

Sikutaka waondoke wakidhani uzuri huo ulikuwa wa wote. Rasi zilikuwa za wazungu. Waafrika walipangiwa Kadutu, juu mlimani, na baadaye Bagira, iliyojengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950. Kwa hiyo jioni tulipanda Kadutu, sokoni, na kutoka kule juu ziwa linaonekana vizuri kuliko kutoka hoteli yoyote ya ufukweni. Kisha vita ikapita juu ya uzuri huo wote: Agosti 1967 mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme waliuteka mji, wakaushikilia hadi mapema Novemba.

Siku ya pili niliwapeleka Ruzizi. Nilikuwa nimewaonya: darajani, mpakani na bandarini simu ikae mfukoni. Shemeji aliitoa. Tulipoteza nusu saa nzima tukiomba msamaha, naye alifuta picha mwenyewe huku askari akihesabu. Tulichokwenda kuona ni mahali ziwa linapogeuka mto, maji yakianza kukimbia kuelekea Tanganyika. Chini kidogo kuna bwawa la umeme la zamani, na chupa zetu za plastiki husafiri hadi pale na kukwamisha mitambo. Ukikaa gizani Bukavu, huenda ni chupa yako mwenyewe.

Chakula, kwa kifupi: sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwani, na bugali, ugali wetu. Shemeji aliita bukari, tukamrekebisha, akaendelea kuita bukari, akamaliza sahani mbili. Samaki hao ni wageni kama yeye, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Usiku tulikaa kwenye ngazi za ukingoni bila kusema mengi. Wavuvi walikuwa wanatoka: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia, wanaimba ili makasia yaingie majini pamoja. Anayetaka kuona taa hizo achague usiku usio na mwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka sambaza hawaifuati taa. Mdogo wangu aliegemea bega la bwana wake, nami nikajifanya nina simu ya kupokea, nikapanda juu.

Asubuhi waliondoka na kano ya kwanza. Saa moja baadaye shemeji alinitumia picha kumi na moja za mji kutoka majini, zote zimetikisika isipokuwa moja. Ndani yake, juu ya Nyawera, inaonekana kona ya duara niliyopita kila siku nikienda shule, na sikuwahi kujua kwamba kutoka ziwani inaonekana.